Mwenye Kovu Usidhani Kapoa: Programu Jasusi na Wajibu wa Mwanakiswahili

Waswahili husema mwenye kovu usidhani kapoa. Sisi wanafunzi wa fasihi simulizi tumezoea kuifafanua methali hii kwa kutaja chuki na visasi vilivyofichika moyoni. Muhula huu imenijia akilini mara nyingi kwa sababu nyingine kabisa, nayo ni tarakilishi ya mwenzangu mmoja. Makala haya yana dai moja. Kuing'oa programu jasusi katika tarakilishi ni nusu ya tiba. Nusu ya pili ni kurekebisha hitilafu ambazo programu hiyo huziacha nyuma, na nusu hiyo huwashinda watu wengi kwa kuwa hawauelewi ujumbe wanaoonyeshwa na mashine. Kazi ya kuusoma ujumbe huo, kuufasiri na kuueleza ni kazi ya lugha. Kwa hivyo, wanakiswahili wenzangu, ni kazi yetu.

Kisa cha sauti zilizopotea

Mwenzangu huyo, ambaye sitamtaja jina, alikuwa akiandaa tasnifu ya uzamili kuhusu nyimbo za kazi katika visiwa vya kaskazini mwa pwani ya Kenya. Alikaa huko wiki sita akiwarekodi wazee, na aliporudi alizihamishia sauti zote kwenye kipakatalishi chake. Kinasa sauti kilikuwa cha kuazima, hivyo alikifuta na kukirejesha kwa mwenyewe. Ikabaki nakala moja tu.

Kipakatalishi hicho alikinunua kikiwa kimekwisha kutumika. Alipohitaji programu ya kuandikia, alipakua mtandaoni toleo lililovunjwa kufuli, lile linalosambazwa bure kinyume cha leseni. Rahisi ikawa ghali. Baada ya siku chache kivinjari chake kilianza kumpeleka kwenye tovuti ambazo hakuzitafuta, matangazo yakawa yanazuka kila upande, na mashine ikaanza kutambaa kama kobe. Alifanya jambo la busara: alitafuta programu ya kupambana na virusi, akaiendesha, nayo ikamwarifu kwamba imewapata majasusi kadhaa na kuwaondoa. Akalala kwa amani.

Asubuhi alipoiwasha tarakilishi, alilakiwa na kisanduku chenye maandishi ya Kiingereza yaliyosema kwamba moduli fulani haikupatikana. Alipofungua kivinjari, hapakuwa na ukurasa hata mmoja uliofunguka, ilhali simu yake ilikuwa ikiutumia mtandao uo huo bila taabu. Akahitimisha kwamba jasusi bado yumo ndani, tena amekuwa mkali kuliko jana. Akakimbilia kwa fundi.

"Kaka, hii imeoza," fundi alimwambia. "Hapa hakuna dawa ila kufuta kila kitu na kuanza upya."

Kwa hofu na haraka, alikubali. Hakutaja zile sauti, wala fundi hakumuuliza kama ana kitu cha kuhifadhi. Jioni alirudishiwa kipakatalishi kitupu, kisafi kama siku kilipotoka kiwandani. Mmoja wa wazee aliowarekodi alikuwa amekwisha kufariki dunia.

Baadaye nilimwomba anieleze yale maandishi aliyoyaona, naye aliyakumbuka karibu neno kwa neno. Nilipoyatafakari, nilitambua jambo lililoniuma. Maandishi hayo hayakusema kwamba jasusi yumo. Yote aliyonieleza yalikuwa dalili za jasusi aliyekwisha kuondoka na kuacha makovu mawili, ambayo aghalabu huponywa kwa dakika chache bila kufuta faili hata moja.

Jasusi huacha nini?

Kabla ya kuendelea, ni vyema tutofautishe istilahi, maadamu katika mazungumzo ya kila siku kila kinachoidhuru tarakilishi huitwa virusi. Kirusi ni programu inayojinakili kwa kujipachika ndani ya faili nyingine. Programu jasusi haihitaji kujinakili. Kazi yake ni kupeleleza: kunasa herufi unazoandika, kuiba nywila zilizohifadhiwa kwenye kivinjari, kufuatilia tovuti unazozizuru, au kukuelekeza kwenye matangazo yanayomlipa aliyeituma. Kwa kuwa huishi kwa kujificha, jasusi hujifungamanisha na viungo muhimu vya mfumo, na hapo ndipo matatizo ya kuiondoa yanapoanzia.

Chukua lile kovu la kwanza la mwenzangu. Windows huweka orodha ya programu zinazopaswa kuanza pindi mashine inapowashwa. Jasusi huliandika jina lake katika orodha hiyo. Programu ya kusafisha ikiifuta faili ya jasusi lakini ikaliacha jina lake orodhani, kila asubuhi mfumo utaliita jina hilo, na kwa kukosa mwitikio utalalamika kwamba moduli haikupatikana. Ni kama mwalimu anayeendelea kuita jina la mwanafunzi aliyekwisha kuhama shule. Ukimya unaofuata si ishara ya hatari. Kinachohitajika ni kulifuta jina kwenye sajili.

Kovu la pili lilihusu proksi, yaani seva inayosimama kati ya kivinjari na mtandao kama kijumbe. Majasusi wengi huibadilisha mipangilio ya mtandao ili mawasiliano yote yapitie kwa kijumbe wao. Kijumbe akiuawa na mipangilio ikabaki vilevile, tarakilishi huendelea kumpelekea maiti barua zake zote. Simu iliyo kando hufanya kazi kwa sababu yenyewe haina kijumbe. Tiba ni kufungua mipangilio ya mtandao, kuingia sehemu ya proksi na kuizima.

Historia inatufunza

Kisa hiki si cha ajabu wala si kipya. Mapema katika miaka ya 2000, programu kama New.net na webHancer zilijipachika kwenye mnyororo wa vipengele ambavyo Windows huvitumia kuwasiliana na mtandao. Tafakari watu waliojipanga msitari wakipokezana ndoo za maji ili kuzima moto. Mmoja wao akiondolewa ghafla bila walio pande zake mbili kusogeleana, ndoo huanguka na moto huendelea kuwaka. Ndivyo ilivyokuwa: mtumiaji aliyeifuta faili ya programu hizo kwa mkono aliweza kuupoteza mtandao wote. Windows XP ilipopata kifurushi chake cha pili cha maboresho mwaka wa 2004, iliongezewa amri ya kuujenga upya mnyororo huo, "netsh winsock reset", ambayo ingali inatumika hadi leo.

Mwaka wa 2005 ulileta funzo kubwa zaidi. Tarehe 31 Oktoba mwaka huo, mtaalamu wa Windows Mark Russinovich alitangaza kwamba diski za muziki za kampuni ya Sony BMG zilikuwa zikipenyeza kwa siri programu ya kuzuia unakilishaji, ambayo ilizificha faili zote zilizoanza na alama za $sys$. Aliyejaribu kuzifuta faili hizo kwa mkono aliweza kujikuta hana kisomadiski, kwa kuwa programu ilikuwa imejifunga kwenye kiendeshi chake. Kampuni ilipotoa kifaa cha kuiondoa, watafiti Edward Felten na J. Alex Halderman wa Chuo Kikuu cha Princeton walionyesha kwamba kifaa chenyewe kiliacha mwanya ambao tovuti yoyote yenye nia mbaya ingeweza kuutumia. Dawa ikawa kidonda kingine. Mnamo Novemba 2005 diski hizo zilirudishwa kutoka madukani.

Mfano wa tatu ni DNSChanger. Programu hii ililibadilisha daftari la anwani ambalo tarakilishi hulitazama ili kujua tovuti iko wapi, ikaielekeza kwenye seva za wahalifu. Mnamo Novemba 2011, shirika la FBI la Marekani lilitangaza kukamatwa kwa raia sita wa Estonia, na kukadiria kwamba takriban tarakilishi milioni 4 katika nchi zaidi ya 100 zilikuwa zimeathirika. Hapo wapelelezi walikumbana na kitendawili. Kama wangezizima zile seva papo hapo, mamilioni ya watu wangeupoteza mtandao bila kujua sababu. Ilibidi mahakama iruhusu seva safi ziwekwe mahali pa zile chafu, nazo zikaendeshwa hadi tarehe 9 Julai 2012 ili watu wapewe muda wa kurekebisha mipangilio yao. Wahalifu walikuwa mikononi mwa sheria, lakini makovu yao yalihitaji miezi minane ya uuguzi.

Mifano yote mitatu inaafikiana. Jasusi hufa kwa siku moja, ilhali mipangilio aliyoivuruga hubaki hadi mtu airekebishe.

Hatua za tiba

Sitaki kulalamika bila kutoa msaada, hivyo acha niorodheshe kwa ufupi utaratibu ambao mtumiaji yeyote wa Windows anaweza kuufuata. Kwanza kabisa, na kabla ya yote, hifadhi nakala ya kazi zako nje ya mashine: matini, picha, sauti na data. Usinakili programu, kwa maana jasusi huweza kusafiri humo. Pili, katisha mtandao ili jasusi asiendelee kutuma anachokiiba. Tatu, zipitie programu zilizosakinishwa na viongezo vya kivinjari, na uondoe usivyovitambua. Nne, safisha. Jasusi mkaidi ni yule anayejirudisha kila unapomfuta, kwa kuwa yumo kazini wakati unapomfuta. Mnase akiwa amelala. Windows 10 na 11 zina uchunguzi wa Microsoft Defender unaofanyika kabla mfumo wenyewe haujaamka, na huu huwafikia wengi wanaojificha mchana.

Hatua ya tano ndiyo inayosahauliwa: tibu makovu. Zima proksi usiyoiweka wewe. Hakikisha kwamba mipangilio ya DNS ni ile inayotolewa na mtandao wako. Kagua orodha ya programu zinazoanza na mashine pamoja na kazi zilizoratibiwa. Programu ya bure iitwayo Autoruns, ambayo Russinovich huyohuyo ni mmoja wa waundaji wake, huonyesha hata majina yasiyokuwa na faili. Mtandao ukiendelea kukataa, tumia ile amri ya kuujenga upya mnyororo kisha uwashe mashine upya. Ikiwa faili za mfumo wenyewe zimeharibiwa, amri ya "sfc /scannow" huzikagua na kuzirejesha. Amri zote mbili huandikwa katika dirisha la amri lililofunguliwa kwa mamlaka ya msimamizi wa mashine.

Mwisho, badilisha nywila zako ukitumia kifaa kingine kilicho safi, na uondoke katika akaunti zako kwenye vifaa vyote. Nywila iliyoibwa hairudi kwa kuwa mwizi amefukuzwa.

Naam, yapo maradhi yanayomficha jasusi ndani kabisa hata kufuta kila kitu kukawa ndiyo njia ya pekee ya kuaminika. Sipingi. Ninachopinga ni kuifanya hatua ya mwisho kuwa ya kwanza, tena kabla ya kumuuliza mgonjwa ana nini cha thamani ndani.

Suala la lugha

Msomaji anaweza kuniuliza: haya yanatuhusu nini sisi tunaosoma Kiswahili? Jibu langu ni kwamba mwenzangu hakushindwa na mashine. Alishindwa na sentensi. Alisoma "moduli haikupatikana" akaelewa "jasusi bado yumo". Kiingereza anakijua, amekisoma tangu shule ya msingi, lakini kile cha mafundi ni lahaja nyingine ambayo hakuna darasa lililomfundisha. Watumiaji wa zamani wa Windows 95 na 98 watakumbuka ujumbe maarufu uliodai kwamba programu imetenda tendo lisilo halali na kwamba ingefungwa. Hapakuwa na sheria yoyote iliyovunjwa. Programu ilikuwa imekwama tu. Ikiwa Kiingereza chenyewe humtisha mwenye Kiingereza, hali ya mwenye duka, karani wa chama cha ushirika au mwalimu wa shule ya kijijini itakuwaje?

Hata uteuzi wetu wa maneno una uzito. Baadhi yetu hutafsiri ujumbe wa aina hii kwa neno "kosa". Kosa lina mkosaji, na mtumiaji anaposoma neno hilo hujiuliza yeye amekosea wapi, akaona aibu, akaificha mashine badala ya kuomba msaada. "Hitilafu" haimlaumu mtu, bali hueleza kwamba kitu hakiko sawa. Vilevile, "imeshindikana kuipata faili" ni tofauti na "faili imepotea". Sentensi ya kwanza humhimiza mtu kutafuta, na ya pili humfanya akate tamaa. Mafunzo ya semantiki na pragmatiki tunayoyapata darasani yanafaa hapa kuliko tunavyodhani.

Njia hii imekwisha kufyekwa kiasi. Mnamo 2004, mradi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya kiofisi yenye menyu za Kiswahili. Microsoft nayo ilitoa kiolesura cha Kiswahili kwa Windows XP na kwa matoleo yaliyofuata. Wengi wetu hatujawahi kukitumia. Tunakiita kigeni, tunalalamikia istilahi zake, kisha tunarudi kwenye Kiingereza. Aidha, menyu pekee haitoshi. Mgonjwa huhitaji zaidi ya jina la dawa. Huhitaji mtu wa kumweleza inavyotumiwa.

Pingamizi mbili

Wapo watakaosema kwamba kazi hii ni ya mafundi. Kweli, fundi ana nafasi yake, na wengi wao hufanya kazi kwa uaminifu. Hata hivyo, mgonjwa asiyeweza kueleza anapoumwa humtegemea tabibu kwa kubahatisha. Mwenzangu angeweza kumwambia fundi, "Mtandao umekatika baada ya kusafisha; tafadhali angalia proksi kwanza," mazungumzo yangechukua mkondo tofauti.

Wengine watasema kwamba tarakilishi za siku hizi hujilinda zenyewe. Ni kweli kwamba kinga imeimarika mno kuliko miaka ya 2000. Lakini kinga hiyo hudumu maadamu mfumo unapokea masasisho. Windows XP iliacha kupokea msaada mnamo Aprili 2014, na Windows 10 ikafikia kikomo cha msaada wake wa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Wanafunzi wanaonunua vipakatalishi vilivyotumika ndio aghalabu wanaobaki na mifumo iliyozeeka, na ndio hao hao wanaovutiwa na programu zilizovunjwa kufuli kwa kukosa fedha. Bunge letu limetunga Sheria ya Matumizi Mabaya ya Tarakilishi na Uhalifu wa Mtandaoni ya 2018, pamoja na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Sheria hizo zinaweza kumwadhibu mpelelezi akipatikana. Haziwezi kumrejeshea mtu sauti ya mzee aliyefariki.

Pendekezo kwa chama

Katiba ya Kenya ya 2010, katika Kifungu cha 7, imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi. Hadhi hiyo tunaisherehekea katika makongamano. Napendekeza tuifanyie kazi katika maabara ya tarakilishi.

Chama chetu kiteue kikundi kidogo cha wanafunzi wa isimu na wa sayansi ya tarakilishi. Wakusanye jumbe ishirini za hitilafu zinazowasumbua watu mara nyingi, na kwa kila ujumbe waandike mambo matatu kwa Kiswahili sanifu na chepesi: unamaanisha nini, haumaanishi nini, na mtu afanye nini kwanza. Rasimu hiyo wasiipeleke kwa maprofesa kabla ya kuijaribu kwa watumiaji wa kawaida: karani, mhudumu wa maktaba, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza. Pale msomaji atakapokwama, istilahi ibadilishwe, hata kama tunaipenda. Kisha ubandikwe ukurasa mmoja katika kila maabara na kila kibanda cha mtandao kilicho karibu nasi. Juu kabisa, kwa herufi kubwa, paandikwe: Hifadhi nakala kabla ya kukubali kufuta.

Kazi hii haihitaji ufadhili. Inahitaji karatasi, wino na wanafunzi walio tayari kuketi pamoja Jumamosi chache.

Mwenzangu ameomba muda zaidi na anapanga kurudi visiwani. Wazee waliobaki wamemwahidi kumwimbia tena. Zile nyimbo za aliyetangulia mbele ya haki, ambazo kwa maelezo yake hakuna mwingine aliyezikumbuka kwa ukamilifu, hazitaimbwa tena. Zilinusurika kwa vizazi katika vinywa vya watu, zikaja kufutwa alasiri moja kwa sababu ya sentensi ambayo hakuna aliyeifasiri. Tukiendelea kuamini kwamba lugha ya mashine si shughuli yetu, hiyo haitakuwa hasara ya mwisho.